Utu uzima huanza lini? Nadharia za ukuaji wa binadamu zikipimwa Asiatique

Sheria za Burundi humpa mtu utu uzima kwa mafungu. Akitimiza miaka 15 anaweza kushtakiwa kwa jinai. Akifika 18 anapiga kura. Msichana wa miaka 18 anaruhusiwa kuolewa, ila kaka yake hawezi kuoa mpaka atimize 21. Ndivyo inavyosema Sheria ya Watu na Familia ya mwaka 1993. Kwa hesabu hiyo, kijana wa kiume mwenye miaka 20 ni mtu mzima mbele ya hakimu, mtu mzima mbele ya sanduku la kura, na mtoto mbele ya msajili wa ndoa. Mlete kijana huyohuyo Asiatique, kwenye gereji anakojifunza kazi, na utakuta kipimo cha nne kisicho na tarakimu: je, anaachiwa injini peke yake, au bado anatumwa kuleta spana?

Asiatique ni mtaa wa Bujumbura ulio upande wa magharibi wa katikati ya jiji, kuelekea ziwani, jirani na Buyenzi. Jina lake ni la enzi ya Wabelgiji, walipoitawala Ruanda-Urundi kutokea hapa, mji ukiitwa bado Usumbura na watu wakipangiwa pa kuishi kwa rangi zao: Wazungu kwao, Waafrika kwao, Wahindi na Waarabu hapa. Mipaka ile imefutika, jina limebaki. Leo ni mtaa wa maduka ya jumla, spea za magari, vifaa vya ujenzi, gereji na misikiti, na ni mojawapo ya sehemu chache za Burundi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani. Watoto hukulia ndani ya biashara. Mwenye duka hastaafu kwa barua. Hupunguza tu siku za kufungua mlango. Na familia nyingi zina mtu aliyewahi kukimbia nchi akarudi, au aliyekimbia na hajarudi mpaka leo.

Ndiyo maana nimeuchagua mtaa huu kuzipima nadharia za ukuaji wa binadamu, zile ambazo wanafunzi wa ualimu na uuguzi huzikariri kwa ajili ya mtihani: Freud, Piaget, Erikson, Kohlberg, kila mmoja na orodha yake ya hatua. Mtihani hupenda kuuliza ubora na udhaifu wa kila nadharia. Jibu la kawaida ni kwamba ubora wake ni kuyapanga mambo yakaeleweka, na udhaifu wake ni kutoka Ulaya. Jibu hilo hupata alama, lakini ni jibu la kivivu. Mojawapo ya nadharia zenye nguvu kuliko zote ilianzia vijijini jirani na Kampala, na ile dhaifu kuliko zote huyumba hata Chicago ilikoanzia. Mimi naziona hivi: nadharia husimama imara pale mwenyewe alipotoka nje akatazama watu wakiishi, huyumba pale alipomkalisha mtu kwenye kiti akamhoji, na huanguka kabisa inapodhani kwamba miaka peke yake ndiyo inayomkuza binadamu.

Tuanze na Erik Erikson, maana ndiye aliyejaribu kuyabeba maisha yote tangu kuzaliwa hadi kufa. Freud alikuwa karibu amefunga hesabu utotoni, kana kwamba baada ya hapo mtu hulipa tu madeni ya miaka sita ya kwanza. Erikson, katika kitabu chake cha mwaka 1950, aliongeza ngazi hadi zikawa nane, na kila moja akaipa mvutano wake. Mtoto mchanga yuko kati ya kuamini na kutoamini. Kijana yuko kati ya kujitambua na kupotea. Mtu wa makamo ama analea kizazi kinachofuata ama anajifungia na mambo yake, na mzee ama anaridhika na maisha aliyoishi ama anayajutia. Kuna ukarimu katika mchoro huu. Unakubali kwamba mtu wa miaka 50 bado anakua, jambo ambalo mama yeyote mwenye duka analijua lakini ambalo wanasayansi wengi wa wakati ule hawakulitilia maanani.

Erikson mwenyewe alizaliwa Frankfurt mwaka 1902 kwa mama wa Kidenmaki. Baba yake mzazi hakumjua kamwe. Alikua akitumia jina la baba wa kambo, Homburger, na alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajipa jina la Erikson. Mtu aliyeweka swali la "mimi ni nani" katikati ya nadharia yake alikuwa na sababu zake.

Swali hilo lina uzito wa pekee Burundi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi limekadiria kuwa nchini humo wapo watu wapatao elfu moja wenye asili ya Oman walio katika hatari ya kukosa utaifa. Wameishi Burundi kwa miongo mingi wakisubiri Oman iwatambue, na walipopewa nafasi ya kuchukua uraia wa Burundi wengi wao hawakuitaka. Kijana wa familia ya namna hiyo anazungumza Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, anajua kila duka la mtaa wake, na faili lake liko Muscat. Je, amejitambua? Erikson anastahili sifa kwa kuliona swali. Alikosea kudhani kwamba kwa kawaida hujibiwa moyoni mwa mhusika, kati ya miaka 12 na 18. Kuna maswali ya nafsi ambayo jibu lake liko kwenye meza ya karani.

Wapo wanaomkosoa kwa hoja nyepesi zaidi. Hatua yake ya nane huanza kwenye miaka 65 hivi, wanasema, na wastani wa umri wa kuishi nchini Burundi ni miaka 60 na kidogo tu, kwa hiyo Warundi hawana uzee. Hoja hiyo ni ya kupuuza. Wastani huo huvutwa chini na vifo vya watoto wachanga, na aliyevuka utoto ana nafasi nzuri ya kuwaona wajukuu. Udhaifu wa Erikson haumo kwenye idadi ya ngazi, umo kwenye mpangilio wake. Binti wa miaka 11 anayembeba mdogo wake mgongoni, kumwogesha na kumlisha wakati mama yuko sokoni, anafanya kazi ya ngazi ya saba, ile ya kulea, kabla hajakanyaga ya tano, ile ya kujitambua. Na mvulana ambaye baba yake aliuawa katika vita vilivyoanza mwaka 1993, akakalia kiti cha baba akiwa na miaka 15, hakupewa muda wa kujitafuta. Alikabidhiwa.

Msomi wa Kameruni, Bame Nsamenang, alilijengea jambo hili nadharia kamili. Kwake yeye, mtoto wa Kiafrika hukua kwa kupewa majukumu yanayoongezeka ukubwa: peleka hiki, lete kile, angalia mtoto, linda duka. Hatua zake zinaanza kabla ya mtoto kupewa jina na haziishii kaburini, kwa sababu marehemu bado ana nafasi katika ukoo. Ni nadharia inayomfaa mtu wa Asiatique kuliko ya Erikson, ingawa nayo ina doa lake: inaielezea jamii iliyotulia, yenye majukumu yanayojulikana na watu wa kuyagawa. Haielezi vizuri kinachotokea wenye kugawa wanapokuwa wametawanyika kambini. Na watu wa misikiti ya hapa wana mpango wao mwingine, mkongwe kuliko yote: mtoto huamrishwa kuswali akiwa na miaka saba, husisitiziwa akiwa na kumi, na hesabu yake mbele ya Mungu huanza akibaleghe. Mpango huo huitazama miaka kwanza, kisha huiacha na kuusikiliza mwili. Wataalamu wengi wangepata faida kuiga unyumbufu huo.

Jean Piaget ni habari nyingine. Mswisi huyu, aliyezaliwa mwaka 1896, alianza kwa kutazama: watoto wake watatu mwenyewe, nyumbani, kalamu mkononi. Alichokiona hakuna aliyekifuta. Mtoto anafikiri tofauti na mtu mzima, si kwa uchache wa maarifa tu bali kwa namna nyingine kabisa ya kuunganisha mambo. Kila mwalimu anayempa mtoto mawe ya kuhesabia badala ya kumchapa anadaiwa shukrani na Piaget, ajue asijue.

Shida ilianza alipogeuza utazamaji kuwa mahojiano. Jaribio lake maarufu ni hili: unamimina maji kutoka gilasi pana kwenda gilasi nyembamba mbele ya mtoto, kisha unamuuliza kama maji ni yaleyale au yameongezeka. Unauliza kabla, unauliza tena baada. Mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Scotland walitumia jaribio la jamaa moja na hili, la vitu vilivyopangwa kwa safu, lakini safari hii safu ilivurugwa na mwanasesere mtundu, eti kwa bahati mbaya. Watoto wengi zaidi walijibu sawasawa. Maelezo yao yanaingia akilini: mtu mzima akirudia swali lilelile, mtoto hudhani jibu lake la kwanza halikuwa sahihi, naye hubadilisha kwa adabu.

Sasa lete adabu hiyo Burundi. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ethel Albert alifanya utafiti nchini humo kati ya mwaka 1955 na 1957, na makala yake ya mwaka 1964 kuhusu usemi wa Warundi bado inasomwa. Alieleza kwamba katika mkusanyiko zamu ya kuzungumza hufuata ukubwa, na mkubwa huanza. Wavulana wa tabaka la juu walianza kufundishwa ufasaha wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Na mkulima mbele ya mkubwa wake hutakiwa asitasite, ababaike kidogo, hata kama akiwa na wenzake ni msemaji hodari. Kubabaika kwake ni heshima. Mtafiti anayekuja na gilasi zake mbili, mgeni, msomi, mwenye gari, ni mkubwa kuliko wote waliopo. Atakachokiandika katika daftari lake kuwa ni akili isiyokomaa huenda ni malezi mema.

Ukitaka kuijua akili ya mtoto wa mjini, mfuate kazini. Ndivyo walivyofanya Terezinha Nunes na wenzake Recife, Brazil, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985. Waliwaendea watoto watano wachuuzi, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, wakanunua bidhaa zao na kuwafanyisha hesabu za bei na chenji. Watoto walipata asilimia 98. Hesabu zilezile zilipoandikwa kwenye karatasi kama za shule, zikawa asilimia 37. Robert Serpell naye, Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa kalamu Waingereza walishinda. Kwa waya Wazambia walishinda, maana ndio waliozoea kujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wakawa sawa. Mtoto wa Asiatique anayemrudishia mteja chenji ya faranga kichwani, huku akimwangalia mwingine asiondoke na betri, angefeli na kufaulu kwa namna hiyohiyo, kutegemea nani anauliza na mkononi ameshika nini.

Lev Vygotsky, aliyezaliwa mwaka mmoja na Piaget, angelipenda zaidi banda la fundi. Kwake kujifunza ni kile unachoweza kukifanya leo ukisaidiwa, na kesho peke yako. Hiyo ndiyo gereji yenyewe: mwanafunzi anashika taa, kisha anashika boliti, kisha anafungua gurudumu, kisha siku moja fundi anaondoka kwenda kunywa chai na kumwachia. Lakini Vygotsky alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, na nadharia yake imebaki kama nyumba isiyoezekwa. Mwenzake Alexander Luria alikwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932 kuwauliza wakulima mafumbo ya mantiki. Kaskazini kwenye theluji dubu wote ni weupe. Mahali fulani ni kaskazini. Dubu wa huko wana rangi gani? Wakulima walijibu kwamba wao hawajafika huko, akaulizwe aliyefika. Luria aliona fikra ambazo hazijapanda juu ya vitu vinavyoonekana. Mimi naona watu waliokataa kutoa ushahidi wa jambo wasilolishuhudia, na mahakama yoyote ingewapongeza.

Hapo ndipo ninapompa Lawrence Kohlberg alama za chini kuliko wenzake. Mwaka 1958, katika tasnifu yake Chicago, aliwahoji wavulana kwa visa vya kubuni: mke wa bwana mmoja aitwaye Heinz anakufa, mwenye duka la dawa anauza ghali kupita kiasi, je, Heinz aibe? Hakujali jibu ni ndiyo au hapana. Alipima sababu, akazipanga katika hatua sita, kutoka kuogopa adhabu hadi kufuata kanuni za haki kwa wote. Carol Gilligan alimkumbusha mwaka 1982 kwamba waliopimwa mwanzoni walikuwa wavulana watupu. John Snarey alipokusanya tafiti 45 kutoka nchi na maeneo 27 mwaka 1985, alikuta hatua za juu hazipatikani katika jamii za vijijini. Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, Sara Harkness, Carolyn Edwards na Charles Super waliwahoji wazee walioheshimiwa kwa kusuluhisha ugomvi. Wazee hao waliwazidi wenzao wa kawaida, lakini sababu zao zilielemea hatua ya tatu, ile ya kutunza maelewano kati ya watu.

Tuhamishie hesabu hiyo Burundi. Mushingantahe, mwamuzi wa jadi wa Kirundi, hajiteui wala hazaliwi na cheo. Jamii humtazama kwa miaka: anavyozungumza, anavyokunywa, anavyotunza siri, anavyoishi na mkewe. Akionekana anafaa, hulelewa na walio ndani, kisha hutawazwa mbele ya watu na kupokea intahe, fimbo ya uamuzi. Kazi yake ya kwanza ni kupatanisha. Yaani mtu aliyepimwa na majirani zake kwa nusu ya maisha yake angepangwa na Kohlberg chini ya mwanafunzi wa chuo aliyesoma falsafa kwa muhula mmoja. Sisemi taasisi hiyo haina kasoro. Kwa muda mrefu iliwaacha wanawake nje, na wanasiasa wameivuta kila upande. Nasema tu kwamba ni kipimo cha matendo, si cha mazungumzo ya nusu saa, na kwa hilo ni sayansi bora zaidi.

Sasa nije kwa ile niliyosema ilianzia karibu na Kampala. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Kanada, alimfuata mumewe aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, Makerere. Kabla ya hapo alikuwa London na John Bowlby, aliyekuwa akijenga hoja kwamba mtoto humng'ang'ania mama si kwa sababu ya maziwa bali kwa sababu ya usalama. Ainsworth hakusadiki sana. Akatafuta mkalimani, akaanza kuzitembelea nyumba za vijiji vya jirani, familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kama tisa. Alikaa kwenye mikeka ya Waganda akaangalia. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kuhakikisha mama yupo, akiendelea. Aliona tofauti kati ya mtoto mwenye imani na mama yake na mtoto anayelia hata akiwa mapajani. Kitabu kilitoka mwaka 1967, na jaribio lake mashuhuri la Baltimore, la mtoto kuachwa kidogo na mgeni chumbani, lilichipua kutokana na yale aliyoyaona Uganda.

Ubora wa nadharia hii ya mfungamano umejaribiwa kwa zaidi ya nusu karne na bado umesimama. Mtoto anahitaji mtu maalumu wa kumtegemea; hilo limeonekana mijini na vijijini, kwa matajiri na maskini. Lakini angalieni kilichopotea njiani. Uganda, Ainsworth aliona watoto wenye bibi, shangazi, dada na watumishi wa kuwalea, akaliandika hilo. Baltimore alibaki mama mmoja na chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kilichosambaa duniani kama kipimo. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Edward Tronick na Gilda Morelli walikuta watoto wachanga wa Waefe wakipokezanwa kutwa na walezi wengi, hata kunyonyeshwa na wanawake wasio mama zao, na wakikua vizuri. Mtoto wa Asiatique aliyezoea mikono sita, akiachwa na mgeni chumbani, anaweza asilie kabisa. Mpimaji asiyejua angemwandika kuwa ana kasoro, kumbe ni mtoto wa watu.

Jambo linalofanana na hilo lilitokea katika miguu ya watoto. Miaka ya 1950 Marcelle Geber alitangaza kutoka Kampala kwamba watoto wa Kiafrika huwahi kukua kimwili, na wengi wakakimbilia kusema ni asili yao. Charles Super alipokwenda Kokwet miaka ya 1970 alikuta watoto huwahi kukaa na kutembea kwa wiki kadhaa kuliko wa Marekani, lakini hawawahi kutambaa. Kwa nini? Kwa sababu mama zao walikuwa wakiwafundisha kukaa na kutembea, na hakuna aliyejisumbua kuwafundisha kutambaa. Swali la vizazi vya wasomi likapata jibu kwa mtu aliyeangalia mama anavyochimba kishimo ardhini na kumkalisha mwanawe.

Tutoke kwa watoto, twende kwa wazee. Paul Baltes, Mjerumani aliyefanya kazi zake nyingi Berlin, alisisitiza kwamba katika kila umri mtu anapata na anapoteza kwa pamoja. Mzee hodari huchagua machache, huyanoa, na hutafuta mbinu za kufidia yaliyopungua. Ni nadharia inayomweleza vizuri fundi ambaye macho yamefifia lakini anaijua hitilafu kwa kusikiliza mngurumo, kisha anamwelekeza kijana pa kugusa. Haisemi mengi kuhusu mzee asiye na kijana wa kumwelekeza.

Na kijana huyo ndiye tatizo gumu kuliko yote. Mwaka 2000 Jeffrey Arnett alisema kwamba kati ya miaka 18 na 25 kumezuka kipindi kipya cha maisha, mtu si mtoto tena wala hajawa mtu mzima kamili, anajaribu kazi, wapenzi na mawazo. Kwa juu juu, Bujumbura imejaa watu wa aina hiyo: wana miaka 28, hawajaoa, wanabadilisha kazi. Ila Mmarekani wa Arnett amechelewa kwa sababu anachagua. Wa Bujumbura amechelewa kwa sababu bado hana nyumba wala mahari. Alcinda Honwana wa Msumbiji aliandika mwaka 2012 kuhusu vijana wa Afrika waliokwama katika kungoja huko. Mwaka huohuo Marc Sommers alitoa utafiti wake wa vijana wa Rwanda: lazima ujenge nyumba ndipo uoe kwa heshima, na gharama na masharti ya ujenzi vimewashinda wengi, basi wanazeeka wakiwa vijana.

Sommers alikuwa ameshirikiana na Peter Uvin, aliyewahoji Warundi wengi baada ya vita na kuchapisha kitabu mwaka 2009. Walipolinganisha nchi hizo mbili walipata jambo lililowashangaza watu: vijana wa Burundi, nchi maskini zaidi na iliyovurugika zaidi, walikuwa na matumaini kuliko wa Rwanda. Burundi mtu aliweza kujaribu hili likashindikana, akahamia mjini, akauza kadi za simu, akavuka mpaka. Matarajio juu ya mwanamume yalikuwa yaleyale, lakini njia za kuyafikia zilikuwa nyingi na hakuna aliyezifunga. Hapa hatua za Erikson hazisaidii kitu. Kilichoamua mtu anakuwa mzima lini ni kanuni za ujenzi.

Ndipo tunapomfikia Glen Elder, ambaye vitabu vya mtihani humpa aya mbili na mimi ningempa sura nzima. Alichukua kumbukumbu za watoto 167 wa Oakland, California, waliozaliwa mwaka 1920 na 1921 na kufuatiliwa tangu wakiwa shule, akauliza mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwafanya nini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1974. Watoto hao walikuwa wameshakua kiasi balaa ilipoingia. Walifanya vibarua, walisaidia nyumbani, na wengi walitoka salama. Kisha akawalinganisha na wa Berkeley, mji jirani, waliozaliwa mwaka 1928 na 1929. Balaa ileile, miaka minane tofauti. Hawa waliikuta wakiwa wadogo mno, na wavulana wao hasa waliumia zaidi. Elder hakuuliza una miaka mingapi. Aliuliza ulikuwa na miaka mingapi mwaka ule, na nani alikuwa karibu nawe.

Ndivyo watu wa Bujumbura wanavyohesabu maisha, bila kumsoma Elder: mwaka 1972 wa mauaji yaliyowakimbiza wengi, mwaka 1993 wa vita, mwaka 2015 wa machafuko. Aliyezaliwa 1979 alikuwa na miaka 14 vita vilipoanza, akiweza kukimbia kwa miguu yake, kubeba wadogo, hata kushawishiwa kushika silaha. Aliyezaliwa 1990 alikimbizwa akiwa mgongoni. Aliyezaliwa 1993 alikuwa na miaka 22 machafuko ya 2015 yalipokatiza masomo yake au kazi yake ya kwanza. Wapangishe watatu hao ghorofa moja Asiatique, waite wote "watu wazima", na hujasema lolote juu yao.

Nadharia ya Elder ina bei yake. Hutoa maelezo baada ya tukio na haitabiri mengi. Pia inadai kumbukumbu za miaka mingi za watu walewale, jambo linalowezekana California, ambako anwani hazipotei. Warundi wametawanyika katika makazi na miji ya nchi jirani: Katumba, Ulyankulu, Mishamo, Nyarugusu, Uvira na Mahama. Sommers aliwakuta vijana wakimbizi wa Kirundi Dar es Salaam miaka ya 1990 wakishona nguo huku wakijificha, na sehemu ya ujanja wao ilikuwa kutojulikana kwao ni wapi. Mwaka 2014 Tanzania iliwakabidhi vyeti vya uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000 kwa jumla. Aliyevushwa mpaka akiwa mchanga alikipokea cheti chake akiwa na miaka 42 hivi, pengine na mjukuu. Kwa jedwali la Erikson, alikuwa amemaliza kujitambua miaka 24 kabla.